Daktari wa Emali Aliyesomea kwa Kiitaliano

Kwa miaka mingi watu wa Emali walimjua Nadifa Aftin kama Mama Nasteho wa mashuka. Duka lake lilikuwa kwenye safu ya maduka upande wa barabara ya Loitokitok, na ndani yake ungepata mashuka, mapazia, buibui, mikeka ya plastiki na leso zilizoletwa kutoka Mombasa. Hakuwa mchuuzi wa maneno mengi. Bei aliitaja mara moja, akaipunguza kidogo ukimwomba kwa adabu, na ukiondoka mikono mitupu hakununa. Ambacho watu hawakukijua ni kwamba mikono ile iliyokuwa ikikunja mashuka iliwahi kupasua tumbo la binadamu na kulishona, na mwenye tumbo akapona akaenda zake nyumbani.

Nadifa hakuwaambia. Si kwa aibu. Daktari asiye na leseni si daktari mbele ya sheria, na yeye alikuwa mtu wa kuheshimu sheria. Tena alijijua: siku atakayofungua mdomo juu ya jambo hilo, kuufunga kungemshinda. Mteja akiingia na mtoto mwenye macho ya manjano, Nadifa alimwambia tu ampeleke hospitali leo, asingoje kesho, kisha akageukia rafu na kupanga vitu ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa. Siku kama hizo hakugusa chakula. Adan, mumewe, alikuwa amezizoea. Alikula chake, akamwachia kimya chake.

Nadifa alizaliwa Mogadishu, binti wa mwalimu wa hesabu. Zama zake, chuo kikuu cha kule kilifundisha udaktari kwa Kiitaliano. Walimu walitoka Italia, wakakaa miezi michache, wakapokezana na wengine, na mwanafunzi hakuuona mfupa wala picha ya mfupa kabla ya kukalishwa darasani afundishwe lugha kwanza. Kwa hiyo mwili wa binadamu ulimwingia Nadifa kwa lugha ile. Ini lilikuwa fegato, figo zilikuwa reni, moyo ulikuwa cuore. Hata alipoota, mgonjwa wa ndotoni alilalamika kwa Kisomali, naye akamwandikia dawa kwa Kiitaliano.

Rafiki yake wa chuoni aliitwa Ladan. Alikuwa msichana mrefu, mcheshi, mwenye kicheko kilichomfika mtu kabla yeye mwenyewe hajafika. Walichangia kitabu kimoja cha mwili wa binadamu, wiki hii kikilala kwao Nadifa, wiki ijayo kikilala kwao Ladan. Asubuhi walikwenda hospitali pamoja na makoti yao meupe, na nje ya lango mzee mmoja muuza chai aliwaita madaktari tangu mwaka wao wa kwanza, wakati hata kupima presha hawajui. Walimcheka. Lakini kila asubuhi walipita upande wake, ili wasikie akiwaita.

Walihitimu, wakaanza mwaka wa mafunzo ya wodini. Mwaka huo haukumalizika. Vita viliingia mjini, hospitali ikajaa, walimu wa Kiitaliano wakapanda ndege, na baada ya muda hata waliobaki hawakuwa na uzi wa kushonea. Siku ya kukimbia, Ladan alielekea kaskazini na kaka zake. Nadifa na mama yake walipata nafasi kwenye lori la kuelekea mpaka wa Kenya. Alichukua shahada yake, akasahau viatu.

Kambini, upande huu wa mpaka, madaktari wa kigeni walimfanya mkalimani wao. Alisimama kati ya kitanda na daktari, akitafsiri maswali ambayo angetamani kuyauliza yeye, na hakuruhusiwa kumgusa mgonjwa. Akaona bora aende Nairobi akatafute haki yake ya kufanya kazi.

Katika ofisi inayoshughulikia usajili wa madaktari alimkuta mwanamke mmoja wa makamo aliyemsikiliza mpaka mwisho. Yule mama alimweleza njia yote. Kwanza shahada yake itambuliwe hapa nchini. Ili itambuliwe, ni lazima chuo chenyewe kiandike moja kwa moja kuthibitisha kwamba alisoma na kuhitimu pale; barua isipitie mkononi mwake. Kisha atafanya mtihani wa madaktari waliosomea nje, wa kuandika na wa kujibu mbele ya watahini. Akifaulu, atafanya mwaka mzima wa mafunzo katika hospitali iliyoidhinishwa, chini ya macho ya madaktari wakuu. Hapo ndipo atasajiliwa na kupewa leseni.

"Sasa, dada yangu, chuo chenu kinaweza kuandika lini?" mama yule akauliza.

"Chuo chetu hakina paa," Nadifa akajibu. "Hakina hata mlango."

Mama yule aliifunga faili yenye karatasi za Nadifa polepole, akaiweka mezani badala ya kumrudishia. Alimwambia kwamba siku chuo kitakapofunguliwa, arudi, na kwamba hakuna aliyemkataa. Nadifa alishuka ngazi bila kinyongo. Yeye mwenyewe asingekubali mama yake apasuliwe na mtu ambaye ushahidi wake ni kauli yake tu. Lakini kukosa wa kumlaumu hakukumpunguzia chochote. Alitembea mitaa kadhaa ya Nairobi, ndipo akakumbuka kwamba alikuwa amepanga kupanda basi.

Adan alimjia kwa njia ya watu wa mama yake. Alikuwa mtu wa Wajir, mfanyabiashara wa mifugo aliyeweka makao Emali kwa sababu ya soko lake. Mambo ya hospitali hakuyajua hata kidogo, ila ng'ombe mgonjwa alimtambua kwa kumtazama masikio. Alimwambia Nadifa waziwazi kwamba hana la kumpa badala ya alichopoteza. Ana nyumba ya kukodi, ana mbuzi, na hana hasira. Wakaoana. Nadifa akawa raia, akawa mama wa Nasteho, akafungua duka. Nasteho akakua, akasoma, akaolewa Garissa. Maisha hayakuwa mabaya. Usimdhanie Nadifa kwamba alikaa akilia. Alicheka, alipika, alihudhuria harusi, alijifunza Kiswahili cha sokoni na Kikamba cha kuuzia mashuka. Ila palikuwa na chumba ndani yake ambacho hakukifungua, na kila alipopita karibu na mlango wake alitembea kwa kunyata.

Siku moja simu ililia dukani. Ilikuwa sauti ya mwanamke, kwa Kiitaliano, ikimuuliza kama bado kile kitabu kinalala kwao. Nadifa alikaa chini pale pale kwenye mikeka.

Ladan alikuwa Norwe, katika mji wa kaskazini ambako jua hupotea kabisa majira ya baridi. Namba alikuwa ameipata kwa kuulizia jamaa mmoja baada ya mwingine. Alisimulia yote. Alipofika kule aliambiwa shahada yake haitoshi. Akajifunza lugha yao huku akiwaogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee na kupiga deki. Akafanya mtihani wao, akaanguka, akarudia. Wakamrudisha chuoni asome upya masomo ya wodini na vijana waliomwita kwa jina tupu kama mwenzao. Akafanya mafunzo tena tangu mwanzo. Mvi za kwanza zilimkuta bado anaitwa mwanafunzi. Lakini sasa alikuwa na leseni, na wavuvi wa mji ule walimjia na maumivu yao ya mgongo.

Nadifa alimpongeza, na pongezi zile zilitoka moyoni. Walipomaliza kuzungumza alifunga duka mchana kweupe, akajilaza juu ya furushi la mashuka mapya yaliyokuwa hayajafunguliwa. Alimwonea rafiki yake wivu, akajichukia kwa wivu ule, na bado wivu haukuondoka.

Tangu siku hiyo walipigiana simu mara kwa mara. Walizungumza Kiitaliano kwa makusudi, ili kisife.

Mwaka wa 2014, mtu wa Garissa aliyeleta ng'ombe sokoni Emali alimpa Adan habari kwamba chuo kikuu cha Mogadishu kimefunguliwa tena na kinaandikisha wanafunzi. Adan aliiweka habari hiyo kifuani siku nyingi. Kisha alasiri moja ya siku ya soko, siku ambayo hakuwahi kukanyaga dukani kwa mkewe, akaja, akamwomba mteja aliyekuwepo awapishe kidogo.

"Chuo chenu kimefunguliwa," akasema.

Nadifa aliendelea kukunja shuka. "Kipi?"

"Kwani wewe una vyuo vingapi?"

Shuka likamtoka mikononi. Akauliza amejua lini, naye akamjibu kwamba amejua kitambo.

"Na hukuniambia."

"Nilikuwa nakutazama, Mama Nasteho. Nilitaka kujua kama kazi ile bado unaitamani au imekutoka. Kama imekutoka, nisikuchokoze."

"Ukaona nini?"

"Juzi yule mama wa Mbumbuni alikuja na mguu umevimba. Ulimfuata mpaka barabarani, jua la saa nane, ukimwomba apande boda boda aende hospitali. Ukarudi ukasahau kwamba hajakulipa." Adan akatazama chini. "Haijakutoka."

Ndivyo safari ilivyoanza upya, naye akiwa mwanamke wa karibu miaka hamsini. Kule Mogadishu palikuwa na mwalimu mmoja Msomali, kijana msaidizi enzi zao na sasa mzee, aliyerudi kufundisha na ambaye aliwakumbuka wanafunzi wake wa zamani mmoja mmoja. Alimkumbuka Nadifa kwa sababu ya Ladan na kicheko chake. Chuo kikaandika. Nairobi akapatikana mtafsiri aliyekubaliwa, wa kuitoa shahada katika Kiitaliano na kuitia katika Kiingereza. Kila hatua ilikuwa na kungoja kwake. Ofisini alikokwenda zamani, yule mama wa makamo hakuwepo tena, alikwisha kustaafu. Nadifa alitamani angalau amwone amwambie kwamba amerudi kama alivyomwambia.

Shahada ilipotambuliwa, ukabaki mtihani. Nadifa alisoma nyuma ya pazia dukani, mteja akiita anatoka, akiondoka anarudi. Majina ya Kiingereza hayakumsumbua sana, mengi yalikuwa ndugu wa yale ya Kiitaliano. Kilichomsumbua ni udaktari wenyewe. Ulikuwa umekua akiwa hayupo. Alipokuwa chuoni, ukimwi ulikuwa aya chache na profesa aliyeinua mabega. Sasa ulikuwa vitabu kwa vitabu. Dawa alizokuwa amezikariri kama sura za Kurani zilikuwa zimeachwa. Mashine zilizoonyesha mtoto tumboni hakuwahi hata kuzigusa. Alimwambia Adan kwamba yuko kama mtu aliyerudi kwao akakuta kijiji kimehama. Adan akamwambia kijiji kikihama huacha njia, aifuate.

Siku ya mtihani alikaa katikati ya vijana waliotoka kusomea Uchina, Urusi, Uhindi na Uganda. Mmoja wao, kijana mwenye miwani, alimfuata kwa heshima akamuuliza vyoo viko wapi, akidhani ni mfanyakazi wa pale. Nadifa akamwelekeza, kwa kuwa alikuwa ametoka huko. Kisha yule kijana akamwona akiketi na kufungua karatasi za mtihani, akabaki mdomo wazi.

Matokeo yalipotoka, Nadifa alikuwa ameanguka. Nje ya ofisi alikuta yule kijana naye amekaa ukingoni mwa bustani, miwani mkononi.

"Mathe, hata wewe?" akauliza, kwa lile neno la vijana la kumwita mama.

"Hata mimi."

Wakatazamana, kisha wakacheka mpaka watu wakageuka. Jina lake lilikuwa Ben, mtoto wa wakulima wa Mbooni, na alisomea Uchina. Tangu siku hiyo walisoma pamoja kwa simu. Ben alimfundisha dawa mpya na namna ya kusoma picha za mashine. Nadifa alimfundisha kutumia vidole juu ya tumbo, kwa sababu Ben alikiri kwamba kule alikosomea wagonjwa walizungumza kilugha asichokielewa, akawa anasimama nyuma tu. Ben alipompigia, alianza kwa kumwambia, "Haya mathe, leo ni maini," naye Nadifa akaweka kikokotoo kando na kumwambia mteja angoje kidogo.

Mara ya pili wote wawili walifaulu. Katika mtihani wa ana kwa ana, mtahini alimuuliza Nadifa juu ya mtu aliyeletwa na maumivu makali ya tumbo. Akaanza kujibu, akaenda mbele kwa ufasaha, hatua kwa hatua, kisha akagundua kwamba wale watahini wameacha kuandika wanamtazama tu. Alikuwa anajibu kwa Kiitaliano. Akaomba radhi.

"Endelea, daktari," akasema mkubwa wao, mzee wa upara. "Lakini tusaidie kwa Kiingereza."

Daktari. Hakuna mtu aliyekuwa amemwita hivyo tangu Mogadishu. Nusura apoteze alichokuwa akisema.

Mwaka wa mafunzo alipangiwa hospitali moja ya Kitui. Adan alimsindikiza, akamtafutia chumba kwa mjane mmoja aitwaye Kalunde, mwanamke wa kanisa la Kiinjili aliyeanza siku yake kwa kuomba kwa sauti hadi mtaa ukajua shida za kila mtu. Wiki ya pili, Nadifa alijisikia ametajwa katika maombi hayo, "na huyu Nadifa wetu, mikono yake isitetemeke." Aliswali ya kwake kimyakimya ng'ambo ya ukuta, akaongeza na Kalunde. Ni Kalunde aliyemfundisha Kikamba cha wagonjwa. Cha kuuzia mashuka hakikutosha. Woo ni maumivu, ivu ni tumbo, na mgonjwa mzee wa kike usimwite jina lake, mwite mwaitu, yaani mama.

Daktari mkuu wa wodi yake aliitwa Muindi, kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe. Siku za kwanza Muindi alimwogopa Nadifa. Nadifa akikosea, Muindi alizunguka maneno kama anayetafuta kivuko cha mto. Mwishowe Nadifa akamwendea faraghani, akamwomba amkosoe kama anavyowakosoa wengine, kwa kuwa wagonjwa hawana muda wa heshima zao. Kesho yake aliandika dawa ya zamani, ile ya enzi za Mogadishu, na Muindi akamsimamisha mbele ya wauguzi wote, akamwonyesha kwa nini haitumiki tena. Aliumia. Akaona pia kwamba tangu alipovuka mpaka, hakuna mtu aliyewahi kumchukulia kama daktari kiasi cha kumgombeza.

Kisha akaja Mbinya. Alikuwa binti mdogo kutoka upande wa Mutomo, mimba ya kwanza, aliyeletwa akiwa amechoka kwa uchungu. Muindi alikuwa chumba cha upasuaji na mgonjwa mwingine. Nadifa alibaki na muuguzi Ndinda. Alimpima mama, akasikiliza moyo wa mtoto, akaona kwamba kwa subira na uangalifu atazaa salama. Akamshika mkono, akawa anamwambia avute pumzi, na Mbinya akavuta, akatoa, akavuta. Ndinda alikuwa akimtazama kwa jicho la pembeni.

"Daktari, hiyo ni Kisomali?"

Nadifa akajisikiliza. Alikuwa akisema respira, respira.

"Ni Kiitaliano," akasema.

"Basi endelea nacho. Anakielewa."

Mtoto alizaliwa, msichana, akalia papo hapo kama aliyekuja na malalamiko yake tayari. Mbinya akamshukuru kwa Kikamba, ni muvea, ni muvea, huku machozi yakimtiririka. Nadifa alifanya yaliyobaki bila pupa, akanawa mikono, akatoka nje kupunga hewa. Alikuwa amejaa furaha. Akatembea hadi langoni, akasimama, akatazama upande huu na ule wa barabara. Palikuwa na waendesha boda boda, na mwanamke aliyeuza ndizi. Nadifa alibaki akitazama. Ilimchukua muda kutambua kwamba alikuwa akimtafuta yule mzee wa chai, ili amwite daktari.

Hapo ndipo alipojua. Miaka yote alidhani anaitamani kazi. Sasa kazi alikuwa nayo, mikono bado ilinuka sabuni ya wodi, na hamu ilikuwa pale pale, haikusogea hata hatua moja. Mbali na kazi, alikuwa akitamani lile lango, asubuhi ile, wale wenzake ambao nusu yao hakujua wamezikwa wapi. Baraza la madaktari lingeweza kumpa leseni. Lakini mji aliouacha hakuna ofisi iliyoweza kumrudishia.

Alimaliza mwaka wake, akasajiliwa. Adan alichinja, akaalika soko zima. Watu wa Emali walipopata habari, wengine hawakuamini, na wengine walihisi wamefichwa. Mzee Mbaluka, jirani yake mwenye duka la pembejeo, alimjia akiwa na uso mzito.

"Mama Nasteho, wewe umetuuzia mapazia miaka yote hii, na mke wangu akifa na presha hapo nyuma?"

Nadifa hakujitetea. Alimwambia alichokuwa amemwambia mkewe wakati ule, kwamba aende hospitali na asiache dawa, na kwamba hakuwa na ruhusa ya kufanya zaidi. Alimwambia pia kwamba alimlilia. Mbaluka alikaa kwenye benchi. Alipoinuka alisema kwamba basi sasa yeye mwenyewe atakuja kupimwa, na akaja kweli, kila mwezi, na hakukosa la kulalamikia.

Nadifa aliajiriwa katika kliniki moja hapo hapo Emali. Duka akamwachia mpwa wa Adan. Madereva wa malori walimjia, na Wamaasai kutoka upande wa Kajiado, akina mama wa Mbumbuni, na wafanyabiashara wa kwao waliofurahi kujieleza kwa Kisomali. Alikuwa daktari mzuri, mwangalifu, asiyeona haya kufungua kitabu mbele ya mgonjwa. Jioni moja wakiwa wamekaa uani alimwambia Adan lile lililomkuta langoni Kitui. Alimwambia alidhani akiipata leseni, hamu ya kule itamwacha.

Adan alifikiri. "Mimi sikufukuzwa na mtu," akasema. "Wajir iko pale, naweza kwenda kesho. Na bado mvua ya kwanza ikinyesha hapa, nanusa udongo wa kwetu. Wewe ulitaka upone?"

Nadifa akasema ndiyo, alitaka apone. Adan akamjazia chai.

Mwaka Ladan alipostaafu, mapema kidogo kwa sababu ya goti, alikuja kumwona. Alishuka na treni kituo cha Emali, mwanamke mnene sasa, mwenye fimbo, na Nadifa asingemtambua kama si kile kicheko kilichotangulia kutoka behewani. Walishikana pale hadi abiria wote wakawapita. Kiitaliano chao kilikuwa kimetoboka. Mmoja akikosa neno, mwingine alikuwa nalo, na wakilikosa wote walitia la Kisomali na kuendelea.

Nadifa alimpeleka milimani Mbooni apate baridi, maana joto la Emali lilimshinda mtu aliyezoea theluji. Ben alikuwa akifanya kazi katika kituo cha afya huko, karibu na shamba la mama yake, Mama Kanini. Walikaa nje ya nyumba, chini bonde likiwa na ukungu, Mama Kanini akawapakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Ladan alimuuliza Ben alisomea wapi. Akamsimulia ya Uchina, namna alivyofika bila kujua neno, na namna alivyorudi nyumbani akaonekana mtu asiyejua kitu mpaka athibitishe.

"Na unapakumbuka?" Ladan akauliza.

Ben alitazama kama mama yake anasikia. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kulikuwa na mama mmoja aliyeuza tambi za moto nje ya bweni lao, na siku nyingine akitoka zamu anazitamani zile tambi hadi anaona kama ana wazimu, kwa sababu ni nani anayelilia kurudi nyumbani, kisha akifika nyumbani analilia kule.

Ladan hakucheka. Alisema kule Norwe wagonjwa wake walimpenda, walimletea samaki, walimlilia alipostaafu. Lakini hakuna hata mmoja aliyejua kwamba alikuwa daktari kabla ya kuwa mpiga deki. Walidhani nchi yao ndiyo iliyomfanya daktari.

"Mimi najua," Nadifa akasema.

"Ndiyo maana nimekuja," Ladan akajibu, akavuta sahani yake karibu.

Siku zilizobaki walipanga safari ya kwenda Mogadishu pamoja, waone kama lile lango bado lipo. Walipanga kwa bidii, wakataja mwezi, wakabishana juu ya hoteli. Ladan alirudi Norwe, goti likafanyiwa upasuaji, safari ikaahirishwa, kisha ikaahirishwa tena kwa sababu ya habari za usalama. Hawajaenda mpaka leo. Bado wanapigiana simu, bado wanaipanga. Nadifa huipokea simu akiwa kliniki, husikiliza kidogo, humwambia Ladan kwamba ana mgonjwa na atampigia baadaye, kisha humwita anayefuata.